Sindano ya Pili

Wiki iliyopita, katika safu hii, simulizi yangu ilikomea nyuma ya zahanati moja ya Nakawa, nimeegemea ukuta, nalia. Mwanamume wa miaka ishirini na saba, mtoto wa kambi, mtunzi wa mashairi ambaye hakufundishwa na mtu. Nalia kwa sababu mwanamke mmoja kutoka Bungoma, Nasike, tabibu wa zahanati ile, ameniambia kwamba kichwa changu si kibovu.

Alisema hali yangu ina jina, herufi nne za Kizungu. Alisema wako watoto wenye hali hiyo ambao hurukaruka na kupanda meza, na hao huonekana upesi. Wako wengine hukaa kimya, macho wazi, akili imeshatoka dirishani. Hao huitwa wajinga. Huitwa wavivu. Hukua na majina hayo mpaka wanaota ndevu.

"Si uvivu, Onen," alisema. "Wala si ukichaa. Umezaliwa hivyo. Na mara nyingi watu hurithi. Kwenu nani mwingine yuko hivi?"

"Hakuna," nikamjibu. "Baba yangu alikuwa polisi. Hajasahau kitu tangu azaliwe."

Lishikeni jibu hilo. Leo mtaona lilivyonigeuka.

Kuna bwana mmoja wa Kabalagala ameniandikia kupitia gazeti hili kwamba huo ni uzembe uliotafutiwa cheti cha daktari. Bwana, njoo Nakawa. Nitakuazima kichwa hiki siku moja tu, kuanzia asubuhi. Ukifika jioni hujapoteza kiatu kimoja, nitaacha kuandika.

Ila leo sina nguvu za kugombana. Ninayoyaandika sijayasema hata kwa kasisi.

Anayeanza kusoma leo ajue jambo moja. Nilipokuwa na miaka tisa, baba yangu, Sajini Oryem, alikuwa mtunza ghala katika kambi moja ya polisi hapa Kampala. Siku moja ufunguo wa ghala ulipotea. Baba akasema alikuwa amenipa mimi niupeleke kazini, nami nimeupoteza njiani nikishangaa ndege. Sikukumbuka kupewa ufunguo. Lakini mimi ni nani wa kukumbuka? Nilikuwa nimeshapoteza kandambili, daftari, hata mbuzi wa jirani.

Alinichapa mbele ya safu nzima ya nyumba, kwa mkanda wa kazi. Nikakiri. Nikaonyesha mpaka mahali nilipoudondosha, mahali nilipopabuni. Watu wakachimba pale siku mbili.

Baba alivuliwa mistari yake mitatu. Tukatolewa kambini. Mama yangu, Lakica, alikufa miaka minne baadaye katika chumba cha kupanga kilichovuja. Na mimi nikapata jina. Funguo. Watoto wa kambi waliniimbia. Dada yangu mkubwa, Apio, ananiita hivyo mpaka leo, naye sasa ni polisi kama baba.

Sasa tuendelee.

*

Baba anaugua kisukari. Mikono yake inatetemeka, hawezi kujidunga insulini. Apio alimtunza miaka miwili, kisha akapangiwa zamu za alfajiri. Ikabidi mzee ahamie kwangu.

Siku alipomleta, Apio alisimama mlangoni na sare yake.

"Uniti ishirini asubuhi, kumi na mbili jioni," alisema. "Sema."

"Ishirini asubuhi, kumi na mbili jioni."

"Akidungwa dozi moja mara mbili anakufa. Umesikia, Funguo? Ukimpoteza baba kama ulivyopoteza ule ufunguo, usinitafute. Mimi ndiye nitakayekutafuta."

Nasike naye, nilipomweleza, alinipa karatasi yenye vyumba vidogo vidogo. "Bandika ukutani. Ukishamdunga, weka alama. Kila mara. Usiamini kichwa."

Niliikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Nilikuwa nimekasirika. Mimi, ninayeweza kukusomea beti mia bila kutazama popote, niweke alama ukutani kama mfungwa anayehesabu siku? Nikamwambia mshairi hahitaji karatasi. Nikatunga ubeti.

Toa chupa mtungini, viganjani izungushe,
Vuta dawa ishirini, na hewa uiondoshe,
Mdunge pole tumboni, mahali ubadilishe,
Uji uwe mkononi, nusu saa usivushe.

Utazameni. Mizani kumi na sita kila mstari, vina vya kati na vya mwisho vimekaa. Mtungi unaotajwa ni ule wenye mchanga mbichi, kwa sababu sina friji na dawa hiyo haitaki joto. Siku kumi na nane ubeti huu uliniongoza bila kosa. Nilijiona nimeishinda sayansi.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Alhamisi.

*

Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji, nimesimama katikati ya chumba. Nilikuwa natafuta kina cha shairi jingine kabisa, la mapenzi. Nilitaka neno linaloishia kwa "nga". Nililipata. Nikatabasamu.

Baba alikuwa ameketi kitandani, shati limefunguliwa vifungo vya chini.

"Sasa wewe nacheka nini?" aliuliza. Kiswahili chake ni cha kambi, hakijabadilika tangu alipokuwa kuruta. "Wewe bado kudunga mimi."

"Nimekudunga, baba."

"Lini?"

Nikakiweka kikombe cha uji chini.

Lini? Nilijiona nikitoa chupa mtungini. Nilijiona nikiizungusha viganjani. Nilijiona nikivuta ishirini. Lakini ilikuwa leo? Ilikuwa jana? Nilikuwa na asubuhi kumi na nane kichwani, zote zina sura moja, zote zina ubeti mmoja.

Nilikimbilia kopo la sindano zilizotumika. Zilikuwa nyingi, nani amezihesabu. Nikashika chupa nikaitazama kwenye mwanga. Dawa ilikuwa imepungua. Imepungua kutoka wapi?

Hapo ndipo nilipoelewa upumbavu wangu, nikiwa nimeinua chupa hewani. Ubeti unakumbuka nini cha kufanya kila siku. Haujui kama leo kimefanyika. Ungeimba vilevile hata ukiimbwa mara kumi.

"Mimi nauliza, wewe najibu," baba alisema. "Una hakika?"

"Nadhani nimekudunga."

"Nadhani!" Alicheka kicheko kile. Wenye baba kama wangu wanakijua. "Miaka ishirini na saba, bado ni nadhani. Hata ile siku ya ufunguo ulisema nadhani. Mimi hapana sikia sindano leo. Tumbo ni yangu au ni yako?"

"Baba, tungoje. Nimpigie Nasike."

"Yule Mkenya ndiye baba yako?"

"Ngoja tu tupime sukari kwanza."

"Onen!" Sauti ilibadilika. Ilikuwa ile ya mwaka wa tisini na sita, ile ya mkanda. "Dunga!"

Nisikilizeni vizuri. Nina nguvu za kumbeba mzee huyu kwa mkono mmoja. Nimewahi kumwangusha mlevi wa Kabalagala mwenye kilo mia. Lakini aliposema lile neno, nilikuwa na miaka tisa. Mikono yangu ilifanya kazi bila mimi. Chupa, viganja, ishirini, hewa, tumbo.

Nilipochomoa sindano niliona kitu. Kando kidogo, upande wa pili wa kitovu, palikuwa na kitone chekundu. Kibichi.

Kitone kile kikaniambia nimeshamdunga. Nami nikajiambia ni cha jana.

*

Ilipofika saa tatu alianza kutokwa jasho.

Si jasho la joto. Lilitoka kwenye kipara, likashuka mashavuni kama mtu aliyemwagiwa maji, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Uji alikuwa ameunywa nusu, kwa sababu ya hasira. Midomo ilikuwa inatetemeka.

"Baba."

"Fungeni lile geti," akasema.

Hatuna geti.

Mfukoni mwa shati lake kuna kitabu kidogo cheusi kimefungwa kwa mpira. Amekuwa nacho tangu kambini, kikiisha hununua kingine kama hicho. Mtu yeyote akikigusa ilikuwa vita. Tulipokuwa watoto tuliamini ameandika humo siri za serikali. Mimi niliamini ameandika makosa yangu.

Sijui kwa nini nilikitoa. Labda kwa kuwa kwa mara ya kwanza hakunizuia.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa leo, kwa mwandiko wake unaotetemeka: *0710. Onen nadunga mimi. 20. Kwisha.*

Nilisoma mara tatu. Saa moja na dakika kumi. Alikuwa ameandika mwenyewe, kwa mkono wake. Kisha akasahau kuwa ameandika.

Vidole vyangu vikafunua nyuma, haraka, sijui nilitafuta nini. *Kumbuka, jirani jina ni Helen.* *Kumbuka, kofia iko kwa msumari.* *Kumbuka, Apio natoka zamu saa nane.* *Kumbuka, kuuliza Onen shairi, alisema jana, ulikuwa husikii.* *Kumbuka. Kumbuka. Kumbuka.* Kila ukurasa. Kitabu kizima cha mtu anayezama na kushika majani.

Hajasahau kitu tangu azaliwe, nilimwambia Nasike.

Nikampigia Nasike. Siku hiyo alikuwa zamu katika zahanati yao nyingine, Nateete, upande wa pili wa mji.

"Nimemdunga mara mbili," nikasema.

"Ishirini na ishirini?"

"Ndiyo."

"Anaongea?"

"Anaongea mambo ya geti."

"Wee Onen, sikiliza. Usilie. Utalia baadaye. Una sukari?"

"Hatuweki sukari ndani, ni mgonjwa wa..."

"Tafuta! Vijiko vitatu kwenye maji, sasa hivi, anywe akiwa ameketi. Akishindwa kumeza, usimtie kitu mdomoni. Hapo usiningojee, mbebe hospitali, mbio. Umeelewa? Mimi natoka na dripu, nachukua boda."

"Akipata nafuu?"

"Hapo ndipo pabaya. Hiyo dawa inafanya kazi mchana kutwa. Atapata nafuu, halafu itamshusha tena. Kila robo saa umwangalie. Mguse mkono, mwulize maswali. Mkono ukilowa, au akijibu ovyo, mpe tena. Kila robo saa, Onen. Usiache hata moja ipite."

"Nasike," nikasema, "unajua unamwambia nani."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana uandike."

*

Niligonga kwa jirani, Helen, mama wa Kiganda anayeuza maandazi. Alitoka na unga mikononi.

"Habali ya asubuhi, sebo." Kwake kila mwanamume ni sebo, yaani bwana.

"Sukari! Nipe sukari!"

"Sukali? Lakini mzee si ndiyo inamuua?"

"Mama Helen, nipe!"

"Bambi," akasema kwa huruma alipouona uso wangu, akakimbia. Alileta kopo zima, na simu yake sikioni. Alikuwa tayari anampigia Apio. Sikumlaumu. Apio alikuwa amempa namba kwa kazi hiyohiyo.

Nilikoroga. Nikapeleka kikombe mdomoni mwa baba. Akaonja. Akanitemea kifuani.

"Tamu!" alisema. "Sumu! Wewe nataka kuua mimi."

"Baba, kunywa. Ni dawa."

"Daktari amekataa sukari. Mimi najua. Wewe ndiye yule mtoto. Ulikuwa unangoja siku hii."

Helen aliweka mkono mdomoni.

Nilimbembeleza. Nilimpigia magoti. Alikaza meno. Macho yake yalianza kuelea juu, na shati lote lilikuwa limelowa, na mimi nikawa naona maneno ya Apio yameandikwa ukutani. Nilimwomba kama mtoto anavyomwomba baba, na baba huyu hajawahi kumsikiliza mtoto.

Basi nikasimama. Nikafunga vifungo vya shati. Nikagonga kisigino.

"Sajini Oryem!"

Mgongo wake ulinyooka. Naapa, ulinyooka.

"Afande!"

"Shika kikombe! Kunywa! Hiyo ni amri!"

"Ndiyo, afande."

Akanywa. Mikono miwili, kikombe kikigonga meno, mpaka mwisho. Kisha akakaa amenyooka akingoja.

Nikakoroga kingine. Nasike alisema mwulize maswali. Nikauliza la kwanza lililokuja, kwa sauti ileile ya mkubwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inafanya kazi.

"Ripoti yako, sajini."

Akashusha pumzi.

"Afande, Sajini Oryem naripoti. Ufunguo ya stoo iko."

Kijiko kilisimama ndani ya kikombe.

"Iko wapi?"

"Ndani ya buti yangu ya mvua. Mimi niliweka, mimi nikasahau. Siku ya tatu nilivaa buti, nikaona."

Helen alinitazama. Hakuelewa. Mimi pia sikutaka kuelewa.

"Na mtoto?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa imevunjika, lakini hakuisikia.

"Mtoto hapana poteza kitu, afande. Mimi hapana patia yeye ufunguo. Lakini nimeshasema mbele ya watu yote. Nimeshapiga yeye mbele ya watu yote. Sasa narudisha maneno namna gani?" Alikuwa anatokwa machozi, au lilikuwa jasho. "Nikatupa ndani ya choo. Hakuna mtu anajua. Usiku nasikia yeye analia, mimi nasema kesho. Kesho nasahau. Kesho nasahau, afande."

*

Sasa niwaambie ukweli.

Kikombe cha pili kilikuwa mkononi mwangu. Mdomo wake ulikuwa karibu. Bado alikuwa analowa, bado macho yanacheza, na nilijua kwamba kila kijiko ni maisha yake.

Mkono wangu ulisimama.

Sijui ulisimama kwa muda gani. Niliona mama yangu akiweka sufuria chini ya matone. Niliona wale watu wakichimba mahali nilipopabuni, na mimi nimesimama pembeni na majeraha, nawaonyesha: hapa, labda hapa. Miaka kumi na minane nimekuwa naomba radhi kwa watu ambao sijawakosea. Nimefukuzwa kazi tatu, na kila mara, kabla bosi hajamaliza kusema, nilikuwa nimeshakubali kosa.

Na aliyenibebesha alikuwa ameketi mbele yangu, amenyooka, anangoja amri ya kunywa.

"Sebo," Helen alisema polepole. "Sebo Onen. Mpe."

Nikampa.

Kama Helen asingekuwepo? Msiniulize. Nimejiuliza kila siku tangu Alhamisi ile, na jibu linanitisha kuliko baba alivyowahi kunitisha.

*

Saa tatu na nusu jasho lilikauka. Nilikuwa na vijiti vitatu tu vya kupimia sukari. Kimoja kilionyesha amepanda kidogo. Vilivyobaki nikavitunza, nikakoroga kikombe kingine cha sukari nikakiweka kando yangu.

Kisha nikafanya kile nilichoapa kutokifanya. Nilifungua kitabu cheusi, nikachora vyumba vidogo chini ya maneno yake, robo saa kwa robo saa, nikaweka alama ya kwanza. Saa tatu na nusu: mkono mkavu, ajibu sawa. Mshairi ameweka alama. Bwana wa Kabalagala anaweza kucheka.

Tatu na dakika arobaini na tano, alama. Saa nne, alama. Nilimshika mkono wa kulia kwa mkono wangu wa kushoto na kalamu sikuiacha. Niliogopa hata kupepesa. Nilikuwa namjua mwizi ninayemlinda: ananijia kama mawazo mazuri, kama kina cha shairi, na anaondoka na saa nzima.

Saa nne na robo, alama.

"Leo ni siku gani, baba?"

"Alhamisi. Wewe nashika mimi mkono kama bibi arusi kwa nini?"

Helen alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeponea. Akaenda kutazama maandazi yake.

Mara mlango ukafunguka kwa nguvu. Apio. Sare, buti, kofia ya boda bado kichwani.

"Funguo! Umefanya nini?"

"Amepata nafuu," nikasema. "Nasike yuko njiani, amepiga simu, boda yake imepasuka gurudumu."

"Umemdunga mara mbili! Nilikwambia! Nilisimama hapo mlangoni nikakwambia, ukaniimbia shairi! Toka. Toka hapo, niachie mimi."

"Apio, pole pole," baba alisema.

"Baba, huyu atakuua. Alituua sisi wote mara ya kwanza. Mama alikufa kwenye kile chumba kwa sababu yake, na hajawahi hata..." Alishindwa kumaliza. Alivua ile kofia akaitupa kitandani, akaanza upya, tangu kandambili hadi mbuzi wa jirani.

Niliendelea kushika mkono wa baba. Ulikuwa mzito na mkavu. Ulimi wangu ulikuwa umejaa maneno. Buti ya mvua. Siku ya tatu. Choo. Maneno matatu tu na miaka yote ingegeuka juu chini.

Baba alikuwa ananitazama. Aliona kitabu chake kimefunguliwa magotini pangu. Aliona mwandiko wangu chini ya wake. Na nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona usoni mwa Sajini Oryem.

Aliogopa.

"Onen," alisema kwa sauti ndogo. "Nilipokuwa nimepotea. Mimi nimesema kitu?"

Apio akageuka. "Kitu gani? Alisema nini?"

Nikamtazama mzee. Nikaona mikono yake, nikaona zile Kumbuka zote, mamia yake, miaka na miaka, hakuna mtu aliyemwambia kwamba hali yake ina jina. Alichapwa na nani yeye, nilijiuliza, na kwa ufunguo gani? Nikamchukia. Nikamhurumia. Nikamchukia tena kwa sababu nimemhurumia. Nilitaka kusema, nikatafuta pa kuanzia, kama mtunzi anavyotafuta mstari wa kwanza, nikaupata, nikauacha, nikapata mwingine ulio bora zaidi.

"Onen!" Apio alisema. "Nakuuliza!"

Nikashusha macho kwenye kitabu, nijipe ujasiri.

Alama ya mwisho ilikuwa ya saa nne na robo.

Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro kumi. Vyumba viwili vilikuwa vitupu.

"Baba," nikasema. "Leo ni siku gani?"

Hakujibu. Mkono wake ndani ya mkono wangu ulikuwa umelowa chapachapa. Taratibu, mgongo wake ulinyooka, kidevu kikapanda, na macho yakanipita yakamtazama mtu aliyesimama nyuma yangu na sare ya polisi.

"Afande," alimwambia Apio. "Naripoti."

Kikombe cha sukari kilikuwa kando ya goti langu, kimejaa. Apio alikuwa amenyamaza, anasikiliza.